Kile Ambacho Hakuna Aliyekuja Nacho

Saa mbili kasorobo asubuhi, zikiwa zimebaki saa mbili na robo tu jopo liingie ukumbini, Profesa alipiga simu makumbusho kusema kwamba amebadili mawazo.

"Nimeshawishika," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala usingizi mnono.

"Umeshawishika na nini, Profesa?" aliuliza Bi Lebo, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika brashi ya gundi.

"Na hao wapinzani wetu. Mwezi mzima nimekuwa nikizirudisha hoja zao moja moja, kinaganaga, kama inavyotakiwa. Jana nikazirudisha zote bila kukosea, nikajikuta nazikubali. Sisi si ustaarabu, mama. Ni nchi tu. Nchi nzuri, lakini nchi tu. Siwezi kusimama mbele za watu nikasema nisichokiamini."

"Lakini Profesa, wewe ndiye msemaji wetu! Ukijitoa saa hizi unatuacha kwenye mataa!"

"Unasema mimi ndiye msemaji wenu, na kwamba nikijitoa saa hizi nawaacha kwenye mataa. Nimekupata?"

"Umenipata!"

"Basi poleni sana," alisema Profesa, akakata simu.

Msomaji asimcheke Profesa haraka. Katika nchi ile hakuna mtu anayemjibu mwenzake kabla ya kumrudishia neno. Ukitaka kumpinga mtu, kwanza unasema alichosema yeye, kwa maneno yako, mpaka mwenyewe akiri, "Umenipata." Hapo ndipo zamu yako inapoanza. Daktari anamrudishia mgonjwa, hakimu anamrudishia mshtakiwa, mke na mume wanarudishiana huku wameshika viuno. Watoto hufundishwa kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu. Kila mtu anadhani ndivyo dunia nzima inavyoishi, maana mtu hawezi kuishangaa hewa anayoivuta. Na mara moja moja hutokea ajali kama hii ya Profesa, mtu akarudisha vizuri mno, akahamia upande wa pili na virago vyake.

Bi Lebo alikaa juu ya kreti akashika tama. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika lebo za makumbusho ya taifa, zile kadi ndogo zinazowekwa chini ya kila kitu kueleza ni nini na kimetoka wapi, na watu walikuwa wamekwisha kusahau kwamba aliwahi kuitwa vingine.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Maonyesho Makuu ya Staarabu za Dunia yalikuwa yakiandaliwa, yatembee nchi hadi nchi kwa miaka kumi. Yalikuwa na vyumba saba. Sita vilikwisha kupata wenyewe, wale wazee wa historia ambao kila mtoto anawajua. Nchi zisizopata chumba zingewekwa kwenye korido, meza moja kwa kila nchi, bendera moja na chungu kimoja, kati ya mlango wa kuingilia na vyoo. Chumba cha saba kilikuwa bado wazi, na leo jopo la Maonyesho lilikuwa linakuja kuamua kama nchi ile inakistahili. Na aliyeandika barua ya kukiomba, bila kutumwa na mtu, jioni nne kwa wiki kwa miezi minne, kwenye meza ya kulia chakula huku familia ikimwambia asogeze makaratasi, alikuwa Bi Lebo. Mkurugenzi alitia sahihi bila kusoma. Nchi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

"Wewe mwenyewe umeizidi miaka mitatu," mama yake alimwambia alipoiona barua. Mama alikuwa amekuja nchini akiwa msichana, amebeba cherehani begani, na mpaka leo hakuwa ameacha kusema "nyinyi watu wa hapa", hata akizungumza na binti yake aliyemzaa mitaa miwili kutoka makumbusho. "Nyinyi watu wa hapa mnapenda makubwa. Ustaarabu! Kwani nchi haitoshi?"

Haikumtosha Bi Lebo. Alikitaka kile chumba kiasi kwamba alikuwa akikiota. Na sasa msemaji kahama.

Alimkuta Mkurugenzi ofisini akijaribu tai ya tatu. Alipomweleza, Mkurugenzi alivua tai akaketi.

"Unasema Profesa amejitoa kwa sababu anaamini tutashindwa."

"Hapana, hujanipata. Anaamini tunastahili kushindwa."

"Unasema anaamini tunastahili kushindwa. Mungu wangu. Hiyo ni mbaya zaidi." Akamnyooshea Bi Lebo kidole. "Utasema wewe."

"Mimi? Mkurugenzi, mimi naandika kadi za mistari mitatu!"

"Barua si uliiandika wewe? Maji umeyavulia nguo mwenyewe. Una dakika kumi za kusema. Nenda kajiandae."

Hofu ilimpanda mpaka kwenye masikio, na chini ya hofu, Bi Lebo alishangaa kugundua, kulikuwa na furaha ya kichaa. Alikwenda stoo karibu anakimbia. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye fundi seremala wa makumbusho, alikuwa akipiga msasa mlango wa kabati.

"Shemeji, acha hiyo. Nitafutie kitu chetu."

"Kitu chetu kipi?"

"Chochote! Kitu kilichoanzia hapa. Si cha watu waliokuja nacho. Chetu sote."

Walivuta droo, wakafungua makabati, wakashusha masanduku. Ngoma kubwa ya ngozi mbili: lebo ilisema ililetwa na watu wa mlimani. Mtambo wa kufumia nguo: uliletwa na watu wa bondeni. Taa ya shaba yenye mdomo mrefu: ilikuja na watu wa visiwani. Mlango wa kuchongwa, kitabu cha nyota, mzani wa dhahabu, kinanda kisicho na nyuzi, vyote vililetwa, vilikuja, vilibebwa. Lebo zote zilikuwa za mwandiko wake mwenyewe, safi na wa kweli. Bi Lebo hakuwahi kudanganya kwenye lebo hata siku aliyoombwa na waziri.

"Hata msasa huu umeletwa," alisema Shemeji.

"Asante, Shemeji. Umenisaidia sana."

"Sema kwamba ujana si dhambi."

Aliandika hilo kwenye karatasi. Chini yake akaandika: "Mchanganyiko nao ni kitu." Halafu akakwama, na saa ya ukutani ikafika saa nne kasoro dakika tano.

Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Kikao kilikuwa cha wazi, na watu walikuja kama wanaokuja kwenye fainali ya mpira. Manesi walikuja na sare zao, mafundi viatu wamefunga vibanda vyao, darasa zima la chuo cha ualimu limekaa chini kwenye ngazi. Mama yake alikuwa amewahi kiti cha mstari wa mbele tangu saa moja unusu, mkoba mapajani, uso wa mtu aliyekuja kuthibitisha alichokisema zamani.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Wa pili alikuwa bwana mnene aliyeandika kila kitu na hakusema chochote. Wa tatu walimwita Mtaalamu. Kazi ya huyu, kila nchi walikokwenda, ilikuwa kupinga. Alikuwa mrefu, msafi, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi cha kukasirisha. Mezani kulikuwa na saa kubwa yenye kengele, na Mwenyekiti alieleza utaratibu: Mtaalamu dakika kumi, nchi dakika kumi, Mtaalamu dakika tatu za mwisho, halafu uamuzi papo hapo.

Mtaalamu alisimama.

"Nimetembelea stoo yenu jana," alisema. "Kwanza nisifu lebo. Katika kazi yangu sijaona lebo zilizoandikwa kwa uaminifu kama hizi."

Bi Lebo aliona haya ya furaha. Haikudumu.

"Nimezisoma zote mia tatu na kumi na mbili. Hakuna hata moja inayosema kitu kilianzia hapa."

Ukumbi ulisema "aaa" kwa pamoja. Bi Lebo alitamani ardhi impasukie. Ushahidi dhidi ya nchi yake alikuwa ameuandika mwenyewe, kwa kalamu ya wino mweusi, kwa miaka ishirini na miwili.

Mtaalamu aliendelea bila karatasi. Alisema ustaarabu unahitaji mambo matatu. Umri, ili mambo yapate kuzama. Mzizi, yaani pahala ambapo mambo yanaanzia. Na kitu ambacho ni chake peke yake, ambacho ukikikuta popote utasema, hiki ni cha wale. Nchi hii haina umri. Mizizi yake iko kwingine, minne au mitano, kila mmoja na udongo wake. "Ninyi ni kama ukumbi wa abiria," alisema, na alisema kwa upole kabisa. "Watu wengi, mizigo mingi, mizuri, na kila mzigo una mwenyewe. Siudharau mzigo wowote. Ila ukumbi wenyewe hauna mzigo." Kengele ilimkuta ameshaketi.

Hoja zilikuwa nzuri, na ukumbi ulitikisa vichwa kwa heshima, kwa sababu watu wa pale wanapenda hoja nzuri hata ikiwa inawapiga wenyewe.

"Nchi ijibu," alisema Mwenyekiti, akaizungusha saa.

Bi Lebo alisimama, karatasi yake ya mistari miwili mkononi. Akamgeukia Mtaalamu.

"Unasema," alianza, "kwamba watu wakikaa pamoja si lazima wawe wamezaa kitu."

Mtaalamu alimtazama, hakuelewa anachofanya. Ukumbi uliegemea viti, ukastarehe. Bila shaka. Angemjibuje kabla ya kumrudishia?

Naye alirudisha. Alianza na umri, akaueleza vizuri kuliko alivyoelezwa: kwamba jambo jipya hata likiwa zuri halijajaribiwa, na kwamba wajukuu ndio wanaojua kama babu alijenga au aliweka kambi. Akaja kwenye mizizi. Akaja kwenye ule ukumbi wa abiria, na hapo akamsaidia zaidi, akasema kwamba huenda hata amani yetu si umoja, ni adabu ya watu wanaojua basi la kila mmoja litafika. Ilikuwa kali. Nesi mmoja alisema "Mh!" kwa sauti. Mkurugenzi, pembeni, alianza kuigonga saa yake ya mkononi kwa vidole viwili, halafu kwa vitatu, halafu akafumba macho.

"Nimekupata?" aliuliza Bi Lebo.

"Karibu," alisema Mtaalamu polepole. "Sikusema amani yenu ni ya uongo."

"Unasema amani yetu ni ya kweli, ila si ushahidi wa jambo unalolitafuta."

"Ndiyo. Hapo umenipata." Alisita. "Samahani, dada. Umetumia dakika nane na nusu. Kwa nini unanisaidia?"

"Sikusaidii, kaka yangu. Bado sijaanza kukujibu."

Hapo ndipo macho yake yalipoiangukia saa. Dakika moja na nusu! Miezi minne ya jioni, na dakika zote amezimwaga kwenye hoja ya mpinzani, na mkononi hana hata ngoma. Alitaka kulia na alijua hana muda wa kulia.

Lakini Mwenyekiti alikuwa amenyoosha mkono, akaibonyeza saa, ikasimama.

"Naisimamisha mimi," alisema. "Nimekaa kwenye jopo hili miaka kumi na mmoja. Nimesikiliza nchi thelathini na nane zikijibu. Zote zilianza na 'Si kweli'. Wewe umemsimulia mwenzangu hoja yake mpaka ikawa nzuri kuliko yake. Ni mbinu?"

"Mbinu gani?" Bi Lebo alipigwa na butwaa. "Kwani nyinyi mnamjibuje mtu kabla hajasema mmempata?"

"Tunamjibu tu."

"Mnajuaje mnajibu nini?"

Mwenyekiti aliivaa miwani yake, akaivua. "Mara nyingi," alisema, "hatujui."

Minong'ono ilipita ukumbini mstari kwa mstari. Kutoka nyuma mtu alisema, kwa huruma ya kweli, "Masikini!" Ukumbi ukaangua kicheko, na Mwenyekiti mwenyewe akacheka. Mtaalamu hakucheka. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti chake.

"Na wengine humu?" Mwenyekiti aliuliza. "Mnafanya hivi?"

"Sote!" Lilikuwa jibu la watu mia nne.

"Mmeitoa wapi?"

Sasa hilo lilikuwa swali la Bi Lebo hasa. Alikuwa amelijibu mara mia tatu na kumi na mbili. Alifungua mdomo ili aseme imeletwa na nani, na jibu halikuja.

"Nilidhani ni ya watu wa mlimani," alisema. "Kwa wakwe zangu wanarudisha sana. Shemeji?"

Shemeji alisimama karibu na mlango, vumbi la mbao kichwani. "Yetu sisi? Thubutu! Kule mlimani mkubwa akisema, mdogo anatazama chini, basi. Babu alisema tuliikuta kwa watu wa bondeni."

"Bondeni wapi!" Nesi mmoja alisimama kabla Shemeji hajaketi. Msisimko ulimsahaulisha hata kumrudishia, akajishika mdomo, akaanza upya. "Unasema mliikuta kwetu. Nimekupata? Haya. Si yetu! Bondeni ukitaka kupinga unatuma mtu akapinge kwa niaba yako. Sisi tunaamini ni ya watu wa visiwani, maana ndio wenye maneno."

"Visiwani?" Fundi viatu mmoja alicheka mpaka akashika kiti cha mbele. "Dada, unasema ni yetu kwa kuwa tuna maneno. Visiwani tunasema wote kwa mpigo, hadi leo! Ukifika gatini utaziba masikio. Mimi niliikuta hapa mjini, nikaona, loo, watu hawa wana adabu, sijui waliipata wapi."

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Watu waligeukiana, wakaulizana jirani kwa jirani, ni yenu? si yenu? sisi tulidhani ni yenu! Kelele zilipanda mpaka vioo vikatetemeka. Mambo yote aliyowahi kuyaandikia lebo yalikuwa na mtu aliyekuja nayo. Hili kila mtu alilikana, kila mtu alidhani amelikuta kwa mwenzake. Walibaki watu waliokuja mwisho, wale wa ng'ambo ya mpaka kama mama yake, na macho yote yakatua mstari wa mbele kwa mwenye mkoba.

"Msinitazame mimi," alisema mama yake.

"Mama," Bi Lebo alisema. "Ni ya kwenu?"

Mama yake alisimama taratibu, akajinyoosha gauni. "Unauliza kama tulikuja nayo. Hatukuja nayo. Nilikozaliwa mimi, baba alikuwa akimaliza kusema amemaliza na mjadala." Alimgeukia Mwenyekiti, mwanamke kwa mwanamke. "Nilikuwepo ilipoanza, mama. Si jambo la ajabu. Tulikuwa tunajenga hospitali kubwa, ile mnayoiona dirishani. Nchi hata jina haikuwa nalo bado. Tofali zilipita mkono kwa mkono kutoka barabarani mpaka ghorofa ya pili. Kulia kwangu mtu wa mlimani, kushoto kwangu mtu wa visiwani, na hakuna aliyejua lugha ya mwenziwe. Siku ya kwanza tuliumizana vidole vya miguu, we acha tu. Siku ya pili hakuna aliyeachia tofali mpaka anayepokea arudishe neno. Ukisema 'zito', naye aseme 'zito', hata kama hajui ni kitu gani. Ukimsikia, unajua yuko tayari, unaachia. Miezi kumi na minane ya hivyo."

"Halafu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Halafu lugha ikaja, na lugha ilipokuja ugomvi nao ukaja. Sasa mtu aliyezoea tofali miezi kumi na minane atagombana vipi? Tukagombana hivyo hivyo. Tukapatana hivyo hivyo. Baba yake huyu aliniposa kwenye foleni ya tofali, nikamrudishia, akasema hujanipata. Nikarudisha mara nne. Makusudi. Nilipenda kulisikia."

Ukumbi ulipiga makofi mpaka akalazimika kuinua mkono.

"Unataka kujua nani aliianzisha. Hakuna. Wa mlimani hakuja nayo, mimi sikuja nayo. Tuliitengeneza sisi, sisi wa hapa, kwa sababu miguu ilikuwa inauma."

Alikaa. Bi Lebo alikuwa amemsikia vizuri. Miaka yote ile hakuwahi kulisikia neno hilo "sisi" likitoka kwa mama yake kuhusu mahali hapa.

"Dakika moja na nusu," alisema Mwenyekiti, na akaiachia saa.

Karatasi ilikuwa imeanguka chini. Hakuitafuta.

"Kaka yangu, umesema tuna vitu mia tatu na kumi na mbili na vyote vililetwa. Ni kweli. Nimeviandika mimi na sifuti hata kimoja, navipenda vyote. Hiki ni cha mia tatu na kumi na tatu. Sikuwahi kukiandikia kwa sababu sikukiona, na sikukiona kwa sababu nilikuwa nakitumia. Hakimo kwenye mzigo wa mtu yeyote. Umesema ukumbi wa abiria hauna mzigo. Sawa. Lakini abiria hawa walitupiana matofali mpaka wakajenga hospitali, na walipomaliza hakuna aliyeweza tena kusema kama walivyosema kwao. Ukikikuta kitu hiki popote duniani, utajua kimetoka wapi. Wewe mwenyewe umekijua nusu saa iliyopita, ulipouliza kwa nini nakusaidia!"

Kengele ililia. Alijikuta anahema kama aliyepanda ngazi.

"Dakika tatu za mwisho," alisema Mwenyekiti. "Mtaalamu."

Mtaalamu alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mambo mawili," alianza. "La kwanza, desturi moja haiwezi..."

Akanyamaza. Hakuna aliyemzomea. Watu mia nne walikuwa wamekaa kimya wakimtazama kwa subira, kama unavyomtazama mgeni aliyeketi mezani bila kunawa, ukijua atakumbuka mwenyewe. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akamgeukia Bi Lebo.

"Unasema," alisema, na ukumbi ukavuta pumzi, "kwamba ninyi ni ustaarabu kwa sababu mnasikilizana vizuri."

"Hapana," alisema Bi Lebo. "Hujanipata. Wako wengi duniani wanaosikilizana."

Alikuna shavu. "Unasema kwamba mna kitu kimoja ambacho kimebuniwa hapa."

"Unakaribia."

"Jaribu tena, baba!" alisema fundi viatu.

Mtaalamu aliinamisha kichwa. Sauti yake ya uhodari ilikuwa imemtoka, na iliyobaki ilikuwa ya mtu anayepapasa gizani akitafuta swichi. "Unasema kwamba nilikosea mahali pa kutazama. Nilitazama walichokuja nacho. Ustaarabu hauko kwenye walichokuja nacho. Uko kwenye kile walicholazimika kukitengeneza walipokutana, kwa kuwa hakuna aliyekuja nacho. Na umri..." Alikuna tena shavu. "Unasema umri haupimwi kwa miaka. Jambo limezama pale ambapo watu wamefika mahali hawajui tena kwamba kuna wenzao hawana. Ninyi mmefika. Mmenionea huruma." Aliinua macho. "Nimekupata?"

Bi Lebo hakuwa ameyasema yote hayo. Alikuwa ameyamaanisha yote. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona hoja yake ikiwa imesimama wima, na ilikuwa imesimamishwa na mtu aliyekuja kuiangusha. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa.

"Umenipata," alisema.

Na kengele ikalia. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha.

Mtaalamu aliitazama saa, akaangalia ukumbi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchini akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Sikuwahi kujibu," alisema.

"Ulikuwa na la kujibu?" Mwenyekiti aliuliza.

Alifikiri kwa uaminifu, mkono kwenye kifungo cha koti.

"Nilikuwa nalo," alisema. "Kabla sijamrudishia."

Bwana mnene, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, aliweka kalamu chini akainua mkono wake wa kura. Mwenyekiti akainua wake. Mtaalamu, ambaye katika nchi thelathini na nane hakuwahi kupigia kura upande wa pili, aliinua wake juu kuliko wote. Bi Lebo alihesabu ile mikono, akahesabu tena, halafu hakusikia kitu kingine kwa sababu ukumbi ulikuwa umepasuka kwa kelele.